Fotoseli, taima, sensa ya mwendo au sola: taa ya nje uifunge na nini?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaomalizia ujenzi ni hili: "Fundi, taa za nje tuweke zile zinazojiwasha giza likiingia, au zile zinazowaka mtu akipita?" Siku hizi swali limeota mkia: "Au tununue tu za sola, tuachane na LUKU?"

Kabla ya kujibu, nami huuliza: hiyo taa inamfanyia kazi nani? Kuna taa ya mwenye nyumba, ya kumwonyesha tundu la kufuli, ngazi na dimbwi la maji. Kuna taa ya mgeni asiyealikwa, ya kumjulisha kwamba ameshaonekana. Ya kwanza inatakiwa itulie iwake bila kubahatisha. Ya pili inatakiwa istue. Lawama nyingi zinazotupiwa vifaa hivi, kwamba ni feki, havidumu, vinajiwasha ovyo, hutokana na mtu kununua kifaa cha kazi moja akakipa nyingine. Ubovu wa bidhaa nao upo, tutaukuta kwenye sola.

Fotoseli

Hiki ndicho kinachowasha taa giza likiingia na kuizima kukipambazuka. Ndicho kifaa cha bei ya chini kati ya vyote hapa, na ndicho ninachokiamini zaidi. Ni kile kikopo cha plastiki kinachokaa juu ya taa za barabarani, au ndugu yake mdogo wa ukutani mwenye nyaya tatu. Ukifungua za zamani utakuta kidude cha duara chenye mstari mwembamba uliokunjwa kwenda na kurudi. Huo ni kadimiamu salfaidi. Gizani ukinzani wake unafika mamilioni ya ohmu, umeme haupiti. Mwanga ukiupiga, ukinzani unaporomoka hadi maelfu au hata mamia ya ohmu. Saketi iliyo nyuma yake husoma badiliko hilo na kuvuta au kuachia rilei, swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme, ule mlio wa "tak" unaousikia magharibi ikiingia.

Tabia hiyo ilionekana kwanza mwaka 1873. Mwingereza Willoughby Smith alikuwa akitumia vijiti vya seleniamu kupimia nyaya za telegrafu za chini ya bahari, na vipimo vyake vikawa havitulii kila mwanga ulipobadilika. Kilichokuwa kero kwake ndicho kinachokuwashia taa leo. Fotoseli nyingi mpya zinatumia transista inayohisi mwanga badala ya kadimiamu, ambayo Ulaya imeibana sana kwa sababu ya sumu yake, ila kwa mnunuzi tofauti haionekani.

Uzuri wa fotoseli ni kwamba haijali joto, haijali paka, haijali upepo. Umeme ukikatika na kurudi, inatazama anga na kuamua upya, haina saa ya kupoteza. Tena ni nzito kidogo kuamua kwa makusudi, kwa hiyo taa za gari likigeuza getini haziwezi kuizima.

Udhaifu wake uko mahali ilipofungwa. Ikiona mwanga wa taa inayoiongoza yenyewe, itazima. Ikizima, giza linarudi, itawasha. Utakuwa na disko ukutani usiku kucha, na rilei haitamaliza mwezi. Ifungwe juu au nyuma ya taa, uso wake ukitazama anga. Na ukiificha ndani kabisa ya upenu wenye kivuli, siku ya mawingu itawasha saa kumi na moja jioni.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni maana ya ile "10A" iliyoandikwa ubavuni. Kwa umeme wa volti 230 hizo ni wati 2,300, na mtu hupiga hesabu kwamba anaweza kufunga taa za LED za wati 30 hata sabini. Namba hiyo ni ya balbu za uzi. Taa ya LED ina draiva yenye kapasita, na kila inapowashwa kapasita hizo huvuta mkondo mkubwa mno kwa kipande kidogo sana cha sekunde. Taa zikiwa nyingi, midomo ya rilei hugandana, na taa zinabaki zikiwaka hadi mchana. Taa za uzio unazoziona zikiwaka saa sita za mchana, mara nyingi kisa ni hicho. Ukiwa na taa kubwa zaidi ya nne au tano, fotoseli iwashe kontakta, yaani swichi kubwa inayohimili mzigo, na kontakta ndiyo ibebe taa.

Taima, ambayo huku kwetu inadharauliwa bure

Mwongozo mwingi wa vifaa hivi umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na huko taima, yaani swichi inayowasha na kuzima kwa saa uliyoipanga, kweli ni usumbufu. London jua huzama karibu saa kumi jioni mwezi Desemba, na Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Taima ya huko inabidi ichezewe mwaka mzima.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo, mwishoni mwa Mei na Juni, na kama saa moja kasorobo, mwishoni mwa Januari. Nusu saa na ushee basi, mwaka mzima. Nairobi na Kampala nazo ni hivyohivyo. Weka taima iwashe saa kumi na mbili na nusu, izime saa kumi na mbili asubuhi, na hutaigusa tena.

Taima ina jambo moja ambalo fotoseli haiwezi: inaweza kuzima katikati ya usiku. Duka au mgahawa unaotaka bango liwake hadi saa tano tu, taima ndiyo jibu. Lakini usinunue ile ya kuzunguka yenye vidude vya kubonyeza pembeni. Hiyo inaendeshwa na mota ya umeme huohuo wa ukutani, na kila umeme unapokatika nayo inasimama. Mkikatiwa umeme kwa muda wa saa mbili leo na muda wa saa tatu kesho, baada ya siku mbili taa yako inawaka saa tano na nusu usiku. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani.

Sensa ya mwendo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sensa ya kawaida, ile yenye uso mweupe wa plastiki uliobonyea kwa nje, haioni mwendo. Inaona joto linalohama. Mwili wa mtu unatoa mionzi ya infraredi ambayo jicho haliioni, yenye nguvu zaidi kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 9 hadi 10. Ndani ya sensa kuna vipande viwili vya fuwele vilivyokaa ubavu kwa ubavu, vinavyotoa umeme kidogo sana joto linapobadilika juu yake. Vimeunganishwa kwa kupingana: joto likipanda kwa wote wawili sawasawa, kama jua likichomoza, wanafutana na sensa inakaa kimya. Joto likianza kwa mmoja kisha likahamia kwa mwenzake, sensa inajua kuna kitu kimekatiza. Ule uso wa plastiki ni lenzi nyingi ndogo zilizobanwa pamoja, zinazoikata sehemu ya mbele yako kuwa mistari. Kila ukivuka mstari, joto lako linarukia kipande kingine.

Kutokana na hayo machache, mambo mengi ya ufungaji yanajieleza yenyewe. Mtu anayekatiza mbele ya sensa ataonekana mbali. Anayekuja moja kwa moja kuelekea kwake ataonekana akiwa karibu sana, wakati mwingine akiwa ameshafika mlangoni. Kwa hiyo sensa ya kulinda geti haifungwi ikitazama geti, inafungwa pembeni ili anayeingia akatize. Na usijaribu kuiweka ndani ya dirisha la kioo: kioo kinachopitisha mwanga kinazuia mionzi ya joto, kwa sensa ni sawa na ukuta.

Sasa suala la joto la kwetu. Chukua ile karatasi ndogo inayokuja kwenye boksi, ambayo hutupwa kabla ya kusomwa. Pale palipoandikwa umbali wa kuona, mara nyingi utakuta mita 12, na mbele yake kwa herufi ndogo "<24°C". Maana yake mita 12 hizo ni hewa ikiwa chini ya nyuzi 24. Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar usiku wa Februari kipimajoto kinashuka kwa shida chini ya 25, na ukuta wa tofali ulioshinda juani bado una moto saa mbili usiku. Ngozi ya mtu ni kama nyuzi 33 au 34, na nguo alizovaa ziko chini ya hapo. Tofauti kati ya mtu na ukuta nyuma yake inabaki ndogo sana, na sensa inaona nusunusu. Nenda Njombe, Lushoto au Limuru, kifaa kilekile usiku wa nyuzi 12 kitamwona mtu kuanzia mbali, pamoja na mbwa wa jirani na ng'ombe aliyekatika kamba.

Ndiyo maana simpi mtu wa Pwani ahadi ya mita 12. Namwambia ahesabu mita tano au sita, sensa ikae kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu, na kama eneo ni kubwa tufunge mbili. Wa nyanda za juu ninamwambia kinyume: punguza kitufe cha SENS, kile cha wepesi wa kuhisi, la sivyo taa itawaka kwa kila paka.

Sensa hujiwasha "ovyo" kwa sababu. Jani la mgomba lililoota jua mchana kutwa likipepea jioni ni joto linalohama. Bomba la moshi la jiko, feni ya nje ya kiyoyozi, bati linalopoa, vyote ni wageni kwake. Buibui akitanda mbele ya lenzi, mwili wake mdogo unaonekana mkubwa kwa kuwa yuko karibu. Na buibui huja kwa sababu ya wadudu, wadudu huja kwa sababu ya mwanga. Chagua LED ya mwanga wa njano, iliyoandikwa 3000K, badala ya nyeupe ya 6500K. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu, na kadiri bluu inavyobaki nyingi ndivyo wadudu wanavyojaa. Msimu wa kumbikumbi utaona tofauti mwenyewe.

Ipo sensa nyingine inayouzwa kwa jina hilohilo la mwendo: ya rada. Haina uso mweupe wa plastiki, mara nyingi imefichwa ndani ya taa yenyewe. Inatuma mawimbi ya redio ya gigahezi 5.8 na kusikiliza yanayorudi. Hii haijali joto, kwa hiyo Pwani inafanya kazi Februari kama Julai, na inamwona vizuri zaidi yule anayeikaribia moja kwa moja, kinyume kabisa cha ile ya infraredi. Tatizo lake ni kwamba mawimbi hayo yanapita kwenye mbao, plaiwudi, makuti, kioo na hata ukuta mwembamba. Kwenye kiwanja kikubwa haina shida. Uswahilini, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani na kichochoro kiko mita mbili, taa itawaka kila mtu akienda msikitini alfajiri. Geti la chuma huizuia, la mbao haliizuii. Mimi ya rada ninaipenda kwenye korido na ngazi za ghorofa, nje ninaifunga kwa shingo upande.

Kuhusu kubana umeme

Watu wengi hununua sensa ya mwendo kwa ajili ya bili. Tufanye hesabu, taa ikiwa na saa 12 za giza na mwezi wa siku 30. Bei niliyotumia ni takriban shilingi 356 kwa uniti, ambayo ndiyo hutoka kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ukijumlisha kodi. Kwenye sensa nimechukulia taa inawaka jumla ya saa moja kwa usiku, na sensa yenyewe inakula nusu wati mchana na usiku.

| Taa na kinachoiongoza | Uniti kwa mwezi | Shilingi, takriban |
|---|---|---|
| LED wati 30, fotoseli au taima | 10.8 | 3,850 |
| LED wati 30, sensa ya mwendo | 1.3 | 450 |
| LED wati 9, fotoseli au taima | 3.2 | 1,150 |
| LED wati 9, sensa ya mwendo | 0.6 | 225 |

Kwa balbu ya wati 9 unaokoa kama shilingi 900 kwa mwezi, soda moja na chenji kidogo. Sensa inayostahili jina inachukua muda mrefu kurudisha bei yake kwa mtindo huo, na ikifa kabla, umepata hasara. Ushauri wa kubana umeme kwa sensa ulikuwa wa kweli enzi za taa za halojeni za wati 500: taa moja ya namna hiyo kwa usiku mzima ni uniti 6, uniti 180 kwa mwezi. LED imekuja, ushauri haukubadilika.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hesabu hii inamgeuka: aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini. Akifunga taa tatu za wati 30 usiku kucha, hizo peke yake ni uniti 32, na zikimvusha 75 bei ya uniti inaruka zaidi ya mara tatu. Lakini hata yeye hahitaji sensa. Anahitaji balbu ya wati 9. LED ya wati 9 inatoa mwanga wa kama lumeni 800, sawa na balbu ya uzi ya wati 60, na kibaraza cha nyumba ya kawaida hakitaki zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sensa inunuliwe kwa kazi yake nyingine. Taa inayowaka usiku kucha, kibaka anaizoea kama anavyoizoea nguzo. Taa inayowaka ghafla akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani, hiyo inamwambia kuna mtu. Na wewe ukiwa kitandani, pazia likiangaza ghafla, unaamka. Mstuko huo ndio unaoulipia. Kazi hiyo inataka wati 30 au 50, haitaki balbu ya wati 9.

Sola

Taa ya sola inabadilisha mwanga kuwa umeme mchana na umeme kuwa mwanga usiku, na faida yake kubwa siyo umeme wa bure, kwa kuwa tumeona umeme wenyewe ni wa pesa ndogo. Faida ni mbili: haihitaji waya, na umeme wa mtaa ukikatika yenyewe inawaka. Kama geti liko mita arobaini kutoka kwenye nyumba, kuchimba mtaro na kulaza kebo ni gharama kuliko taa. Shambani, kwenye banda, kwenye kiwanja ambacho bado hakijaunganishwa, hakuna cha kushindana nayo.

Lakini namba zilizoandikwa kwenye boksi zisikuongoze. Utaona "300W", "500W", hata "1000W" kwenye taa unayoibeba kwa mkono mmoja. Nenda dukani na futi kamba. Pima urefu na upana wa paneli kwa sentimita, zidisha, kisha zidisha kwa 0.02. Hizo ndizo wati ambazo paneli nzuri inaweza kutoa jua likiwa kali kabisa, maana jua kali hutoa kama wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 yake.

Chukulia paneli ya sentimita 34 kwa 34. Ni wati 23, na ukitoa nafasi zilizo wazi kati ya seli useme 20. Kwa jua la kwetu hesabu saa tano za jua kamili kwa siku: wati-saa 100. Toa theluthi kwa ajili ya vumbi, joto na kinachopotea kwenye betri. Zinabaki 67 hivi. Gawanya kwa saa 12 za usiku: wati 5 na nusu. Hiyo ndiyo "300W" yako, iwapo unataka iwake hadi asubuhi. Zile ndogo za kipande kimoja, paneli ikiwa sentimita 20 kwa 15, kwa hesabu hiyohiyo haziwezi kutoa hata wati 2 usiku kucha. Ndiyo maana zinafifia na kusubiri mtu apite ndipo ziwake kwa nguvu. Mtengenezaji anajua hesabu hii kuliko mimi.

Betri nayo iulizwe. Betri yenye maandishi LiFePO4, volti 3.2, huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko ile ya volti 3.7. Ukikuta ndani seli ya saizi iitwayo 18650 imeandikwa ujazo wa 9,900 mAh, funga boksi urudishe: seli halisi ya saizi hiyo haizidi 3,500 au karibu na hapo, na aliyedanganya hapo kadanganya na kwingine.

Kati ya taa ya kipande kimoja, paneli na betri vyote mgongoni mwa taa, na ile yenye paneli ya pembeni yenye waya wake, chukua ya pili bila kujiuliza. Sababu ni betri. Kwenye ya kipande kimoja betri inapikwa chini ya paneli juani kila siku, na joto ndilo linaloiua betri ya lithiamu. Pia mahali panapofaa paneli si mahali panapofaa taa: paneli inataka bati lililo wazi, taa inataka kivuli cha upenu. Ukiziunganisha, moja itaumia, na kwa kawaida ni paneli, imefungwa ukutani chini ya upenu ikipata jua saa mbili kwa siku. Huku kusini mwa Ikweta paneli ielekee kaskazini, iinamishwe nyuzi kumi au kumi na tano ili mvua iioshe. Kiangazi cha vumbi cha Dodoma, apande mtu aifute.

Msimu wa masika Pwani, na Julai ya mawingu ya Nairobi na miteremko ya Kilimanjaro, taa ya sola itakuzimikia saa saba au nane usiku. Hilo lijue mapema, siyo ubovu.

Tena taa nyingi za sola hazina fotoseli. Zinatumia paneli yenyewe kujua kama ni usiku: volti zikishuka, taa inawaka. Ukiifunga karibu na taa ya barabarani, au paneli ikamulikwa na taa ya jirani, itaamini bado ni mchana na haitawaka kabisa. Mtu huirudisha dukani, dukani inawekewa kitambaa juu inawaka, ugomvi unaanza.

Ningefunga nini

Nyumba ya familia yenye umeme wa uhakika: balbu za wati 9 za mwanga wa njano mlangoni na getini, zote kwenye fotoseli moja. Upande wa nyuma, pale pasipotumika usiku, taa moja ya wati 30 kwenye sensa ya infraredi, imefungwa pembeni. Mtaa unaokatikakatika umeme, ongeza taa moja ya sola getini, usiiache iwe peke yake. Biashara yenye bango, taima ya kidijitali.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa nyaya ana njia fupi: balbu yenye sensa ndani yake, ya pini au ya skrubu kulingana na holda. Aangalie tu kwamba holda haimo ndani ya globu ya kioo, maana kama tulivyoona, sensa ya infraredi haioni kupitia kioo. Kama imo, achukue balbu yenye rada.

Anayefunga fotoseli na sensa kwenye nyumba moja akumbuke kitufe cha LUX kilicho chini ya sensa, chenye picha ya mwezi upande mmoja na jua upande mwingine. Kikiwa mwezini, sensa haiwashi taa mpaka giza liwe totoro, na mwanga wa balbu ya getini unatosha kuidanganya kwamba ni mchana. Kisogeze kidogokidogo kuelekea jua. Halafu weka kitufe cha TIME chini kabisa, sekunde kumi hivi, ungoje saa mbili usiku, mwombe mtu akatize kutoka kila kona huku wewe umesimama chini ya taa. Ukiridhika na anapoonekana, panda tena uweke dakika mbili au tatu.